Jipu Halitumbuliwi kwa Kucha: Namna ya Kumkabili Stafilokokasi Nyumbani

Kila mwaka kuanzia Novemba, maembe yakijaa sokoni, chumba chetu cha kufungia vidonda nacho hujaa. Huja watoto wenye majipu kichwani. Huja vijana wa bodaboda wenye jipu la tako, wasioweza kukaa hata kwenye benchi la kusubiria. Huja kinamama wenye jipu la kwapa, mkono umeinuliwa kama bawa la kuku. Na karibu kila mmoja ana jibu lake kabla sijauliza: "Nesi, ni maembe haya."

Embe mnalionea. Msimu wake ndio msimu wa joto kali huku pwani. Joto huleta jasho, jasho huleta muwasho, muwasho huita kucha, na kucha humfungulia mlango mgeni aliyekuwa amejikalia kimya puani mwako. Huyo mgeni ndiye ninayetaka tumjue, maana ukishajua anapokaa na anavyosafiri, nusu ya kazi umeimaliza.

Mgeni mwenyewe

Mwaka 1880 mpasuaji mmoja wa Aberdeen, Uskoti, Alexander Ogston, alichukua usaha wa majipu ya wagonjwa wake akautazama kwa darubini. Akaona vidoti vya mviringo vimeshikana vichala vichala, mfano wa zabibu. Baadaye akawapa jina la Kigiriki lenye maana hiyohiyo, nasi tunawaita stafilokokasi. Wako wa aina nyingi, na wengi wao ni wapangaji wapole wa ngozi. Mkorofi ni yule ambaye mwaka 1884 Mjerumani Rosenbach alimkuza maabara akaona anatoa rangi ya dhahabu. Huyo ndiye mwenye majipu.

Huyu wa dhahabu hukaa puani mwa watu kama watatu katika kila kumi, na wenyewe wazima kabisa. Hukaa pia kwapani na kinenani. Mtu hupangusa pua, hushika taulo, humbeba mtoto, hukuna mgongo. Basi, safari imeanza. Asipopata mchubuko wala tundu la unywele lililokwaruzwa, hakufanyi lolote. Akilipata, anaingia.

Wauza dawa za kusafisha damu hawatanipenda, lakini jipu si damu chafu inayotafuta pa kutokea. Ni vita vya mahali pamoja: bakteria wameingia kwenye shina la unywele, askari wa mwili wamewafuata, wamepigana, na maiti za pande zote mbili ndizo usaha. Kama stafilokokasi angekuwa kweli ndani ya damu yako, usingekuwa umesimama kwenye foleni unapiga stori. Ungekuwa umelazwa na dripu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni jipu

Jipu huanza kama kivimbe kigumu chenye maumivu, mara nyingi pale penye nywele, jasho na msuguano: shingoni, kwapani, makalioni, mapajani, usoni. Kwa siku chache hukua, hulainika katikati, kisha huota kichwa cheupe au cha njano. Hapo ndipo tunaposema limeiva. Majipu kadhaa yakiungana chini ya ngozi yakatoa vichwa vingi, hasa kwenye kisogo cha mtu mzima, hilo ni la hospitali moja kwa moja.

Vitabu vingi huandika kwamba ngozi inakuwa nyekundu. Hayo yameandikwa na watu wanaotazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu unaweza usiuone kabisa. Wewe tazama kama ngozi imekaza na kung'aa, kama imekuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, halafu weka mgongo wa kiganja chako: pana joto kuliko pembeni? Pana maumivu ukigusa? Hilo linatosha.

Bakteria huyuhuyu ana sura nyingine ambazo watu hawazihesabu kuwa ndugu wa jipu. Chokea ya kwenye kope ni yeye. Kidole kilichoingia mdudu, kile kinachodunda pembeni mwa kucha usiku kucha, mara nyingi ni yeye. Vipele vya usaha baada ya kinyozi kukupitishia mashine ni yeye mara nyingi. Vidonda vya watoto vinavyozunguka pua na mdomo, vyenye maganda ya rangi ya asali, vinavyoambukizana darasa zima la chekechea, navyo ni yeye, wakati mwingine akishirikiana na bakteria mwingine.

Kuna kinachofanana na jipu na si jipu. Ukiona kivimbe chenye kitundu kidogo katikati, kinawasha na kuchoma kama sindano, na ukikodoa macho unaona kitu kinatikisika ndani, hapo mna funza. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa, hasa kivulini au chini kwenye majani. Mayai huanguliwa na funza huingia kwenye ngozi ya mvaaji. Usiminye. Ziba kile kitundu kwa mafuta mazito ya kupaka, kwa tabaka nene, funza akose hewa na kuchungulia, ndipo atolewe taratibu. Dawa ya kumzuia asirudi ni pasi yenye moto, hadi kwenye mishono na lastiki za nguo za ndani na nepi.

Hatua ya 2: Amua, ni la nyumbani au la hospitali

Jipu moja dogo, mtu ana nguvu zake, hana homa: hilo unaweza kulihudumia nyumbani. Lakini usikae nyumbani ukiona mojawapo ya haya:

- homa, kutetemeka kwa baridi, kuhema haraka, au mgonjwa anaongea maneno yasiyoeleweka;
- uvimbe unasambaa kila ukiutazama, au mstari umetoka kwenye jipu unapanda mkono au mguu;
- jipu liko usoni kati ya pua na pembe za mdomo, au jicho limevimba hadi halifunguki;
- maumivu ni makali mno kuliko ukubwa wa kidonda unachokiona;
- mtoto amekataa kutumia mguu au mkono, hataki hata uguswe (hapo tunaogopa usaha umefika kwenye mfupa au kiungo);
- jipu limepita upana wa sentimita tano, liko sehemu za siri au karibu na njia ya haja kubwa, au wiki imekwisha halijaiva wala halipungui;
- mgonjwa ana kisukari, anaishi na VVU, anatumia dawa za saratani, au ni mtoto mchanga.

Chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu ya wino, uandike saa pembeni. Ni ujanja mdogo lakini huokoa ubishi. Kesho asubuhi hakuna atakayesema "naona kama umepungua". Mstari utasema wenyewe. Tezi za kinenani zikivimba wakati jipu liko mguuni, yaani mtoki, si lazima uogope kama mtu hana homa. Ila mwambie atakayekupima.

Hatua ya 3: Kanda, wala usiminye

Chukua kitambaa safi kilichochemshwa, beseni, na maji ya moto ambayo mkono wako unayavumilia. Jaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wako mwenyewe. Mtoto hawezi kukuambia maji yamezidi hadi ameshababuka, na mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni hatasikia kabisa. Chovya, kamua, weka juu ya jipu. Kikipoa, chovya tena. Fanya hivyo kwa dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Joto huleta damu mahali pale, jipu huiva upesi, na majipu mengi madogo hupasuka yenyewe au hunywea. Kitambaa hicho kichemshwe kila baada ya kazi, na kisitumiwe na mtu mwingine.

Chokea nayo hukandwa vivyo hivyo, jicho likiwa limefumbwa. Maziwa ya mama hayaendi jichoni, hata shangazi akisisitiza.

Kuhusu kuminya. Tangu mwishoni mwa 2015, Rais John Magufuli alipoanza kutumbua majipu maofisini, kila mtu amejiona mtaalamu wa kutumbua. Lakini ofisini ukitumbua jipu, mtu anapoteza cheo. Mwilini ukilitumbua kwa kucha halijaiva, unasukuma usaha kwenda ndani, ukuta ambao mwili umejenga kulizunguka unapasuka, na jipu la jana saizi ya punje ya hindi leo ni saizi ya ndimu. Usoni ni hatari zaidi, kwani mishipa ya damu ya eneo la pua na mdomo wa juu ina njia ya kurudi nyuma kuelekea kwenye ubongo. Ni mara chache, lakini nimeshuhudia kijana aliyeingia kwetu na kipele cha puani alichokiminya mbele ya kioo cha pikipiki, na kufikia usiku macho yote mawili yamefumba. Alipona. Ila alilala wodini wiki mbili.

Dawa ya meno, majivu, kitunguu kilichochomwa, mafuta ya breki: vyote nimevikuta juu ya majipu, na vyote nimelazimika kuviosha kwanza ndipo nione kidonda. Kitunguu cha moto huongeza kidonda cha kuungua juu ya jipu. Kwa maumivu, parasetamoli inatosha: mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500, si zaidi ya mara nne kwa siku, na kila dozi iachane na nyingine kwa saa sita. Mtoto apewe kwa uzito wake.

Hatua ya 4: Likipasuka lenyewe

Hapa ndipo nyumba nzima huambukizwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Usaha umejaa bakteria hai.

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, hadi katikati ya vidole na chini ya kucha, sekunde 40 hadi 60. Vaa glovu, kama huna, mfuko safi wa nailoni mkononi ni bora kuliko mkono mtupu. Acha usaha utoke wenyewe, ukipangusa kwa shashi. Kile kiini ambacho watu hukihangaikia, ile nyama nyeupe ya katikati, kikilegea kitatoka. Kisipotoka usikichokonoe kwa sindano ya kushonea wala kwa mwiba wa ndimu.

Osha kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, na sabuni pembeni mwa kidonda. Spiriti usimimine ndani: inaunguza nyama mpya inayoota, na ule mchomo ambao watu huufurahia, wakisema dawa inafanya kazi, ni wa nyama inayokufa. Kausha, weka shashi, funika pande zote kwa plasta au bandeji. Badilisha kila siku, na kila inapolowa.

Shashi chafu iingie kwenye mfuko, ufungwe, utupwe chooni kwenye shimo au uchomwe. Isiachwe kwenye ndoo ya taka ambayo mtoto na paka hushindana kuifungua. Halafu nawa tena, hata kama ulivaa glovu.

Hatua ya 5: Likihitaji kupasuliwa

Jipu kubwa lililoiva haliponi kwa vidonge. Hili watu hawapendi kulisikia. Damu haifiki katikati ya dimbwi la usaha, na dawa husafiri kwa damu. Kwa hiyo unaweza kumeza hadi uchoke na usaha ukabaki pale pale. Tiba yake ni kufungua mlango.

Zahanati nyingi na vituo vya afya hufanya kazi hiyo. Utachomwa sindano ya ganzi pembeni mwa jipu. Sitakudanganya, ganzi haishiki vizuri kwenye ngozi iliyovimba, na ile sindano yenyewe ina ukali wake. Kisha ngozi itakatwa kwa kisu safi, usaha utatoka, mpasuaji ataingiza kifaa au kidole chenye glovu kuvunja vyumba vya ndani, atasafisha kwa maji ya chumvi. Jipu likiwa kubwa, shimo hujazwa shashi ili mdomo usifunge kabla ya tumbo la kidonda kupona. Wagonjwa hulalamika: "Mbona hamjashona?" Hatushoni kwa makusudi. Tukishona tumekufungia usaha ndani.

Ukirudi kubadilishiwa shashi, meza parasetamoli nusu saa kabla. Omba pia wakuoteshee usaha maabara, kama wana uwezo, ikiwa majipu yako ni ya mara kwa mara au ulikwishatumia dawa ikashindwa. Kipimo hicho humtambua bakteria na kuonyesha dawa zinazomuua. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu, na ukishaanza dawa kabla ya kuchukuliwa usaha, unaweza kuharibu jibu.

Hatua ya 6: Dawa, na nini usinunue

Nenda ukasimame dakika kumi tu mbele ya duka lolote la dawa mtaani. Utasikia: "Anti, nipe rangi mbili nne, nina jipu." Vidonge vinne vya rangi mbili, yaani antibayotiki, dawa ya kuua bakteria! Viwili vinamezwa, viwili vinafunguliwa na unga unamwagwa kwenye kidonda.

Historia ya dawa hizi ina kejeli yake. Mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's, London, Alexander Fleming alikuta kuvu limeua bakteria kwenye kisahani chake. Bakteria hao walikuwa stafilokokasi. Penisilini ikazaliwa juu ya mgongo wa huyuhuyu. Lakini hata miaka ya 1940 haijaisha, hospitalini walishaonekana stafilokokasi wanaotengeneza kimeng'enya cha kuikata penisilini vipande, na leo walio wengi wana kisu hicho. Kwa hiyo amoksilini peke yake, na sindano za PPF, yaani penisilini ya kuchoma, ambazo wazee wetu wanaziomba kwa jina, mara nyingi hazimgusi. Zinaweza kukupa kuhara tu.

Dawa zilizotengenezwa kukwepa kisu hicho ni kama kloksasilini na flukloksasilini. Zipo nyingine, mfano sefaleksini, klindamaisini au amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, na daktari huchagua kulingana na mgonjwa. Kama umeandikiwa flukloksasilini, ni kila baada ya saa sita, tumbo likiwa tupu: saa moja kabla ya kula au saa mbili baada. Wengi huimeza katikati ya ugali halafu husema dawa ni feki. Kama uliwahi kuvimba uso, kutoka mabaka au kubanwa kifua kwa penisilini, sema kabla hujaandikiwa, kwa maana ampisilini, amoksilini na kloksasilini zote ni za ukoo mmoja.

Jipu dogo lililokwisha kutoa usaha wote, kwa mtu mzima wa afya, mara nyingi halihitaji antibayotiki kabisa. Zinahitajika likiwa kubwa, yakiwa mengi, ngozi ya pembeni ikiwa imevimba, pakiwa na homa, au kinga ya mwili ikiwa dhaifu. Ukianza, maliza siku ulizoandikiwa hata kama siku ya tatu umeshaanza kucheza mpira.

Unga wa kidonge usiumwage kwenye kidonda. Hukauka ukawa saruji juu ya usaha, wengine huwadhuru ngozi, na bakteria hupata mazoezi ya kuizoea dawa. Kwa vidonda vya watoto vya maganda ya asali vikiwa vichache, ipo krimu ya mupirosini au ya asidi ya fusidiki. Lowesha maganda kwa maji ya uvuguvugu yatoke, ndipo upake. Jihadhari na krimu za mchanganyiko zenye steroidi, ndugu wa zile za kujichubua. Muwasho unaisha siku mbili, unamshukuru muuzaji, kumbe bakteria anastawi chini.

Kisha kuna MRSA. Hizo ni herufi za stafilokokasi aliyeshinda hata ukoo wa kloksasilini. Aliripotiwa Uingereza mwaka 1961, muda mfupi tu baada ya dawa ya methisilini, ndugu wa kloksasilini, kuanza kutumika. Yupo pia katika hospitali za Afrika Mashariki. Huwezi kumtambua kwa macho, jipu lake ni jipu kama jipu. Utamshuku pale dawa sahihi, iliyomezwa sawasawa, baada ya siku mbili tatu haijaonyesha nafuu na usaha umeshatolewa. Rudi hospitali. Usipande ngazi mwenyewe dukani, leo hii, kesho ile kali zaidi.

Hatua ya 7: Majipu yanayorudi

Kaka akipona, anapata dada. Dada akipona, linamrudia kaka, safari hii pajani. Nyumba kama hii hutafuta mganga, nami naielewa, maana kwa kweli inafanana na mtu kutumiwa kitu. Lakini kabla ya mganga, hesabu taulo bafuni. Kisha uliza madodoki yapo mangapi.

Kwanza, kila anayepata majipu ya kujirudia apime sukari na apime VVU. Nimepeleka watu wawili watatu kupima sukari kwa sababu ya jipu tu, wakiwa hawajui kwamba wanaumwa kisukari.

Pili, kila mtu awe na taulo lake, dodoki lake, wembe wake. Dodoki la familia ni bweni la bakteria: halikauki, limejaa ngozi ya kila mtu, na linakwaruza. Litupwe. Shuka na foronya za mwenye jipu zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani, zipigwe pasi. Kucha zikatwe fupi, za watoto kabisa. Shule za bweni zina tatizo lao la kuazimana jezi na taulo. Mzazi, mwekee mwanao taulo mbili na uandike jina.

Tatu ni pua. Daktari anaweza kukuandikia marhamu ya mupirosini ya kupaka ndani ya pua mara mbili kwa siku kwa siku tano, pamoja na kuoga kwa sabuni ya klorheksidini asilimia 4 siku hizohizo, kuanzia shingo kushuka, bila kuingia machoni wala masikioni. Ifanyike wote mkiwa hamna jipu bichi, na wote nyumbani mfanye kwa pamoja. Akibaki baba mmoja aliyesema "mimi sina ugonjwa", mmefanya kazi bure.

Kinyozi mwambie afute meno ya mashine kwa spiriti mbele yako, na asikukwangue kisogo hadi ngozi. Akinuna, nunua mashine yako.

Tambazi, mtoto mchanga na titi

Jina la tambazi watu hulibebesha magonjwa mengi, pamoja na mkanda wa jeshi. Mojawapo ni usaha ndani ya misuli, hasa ya paja na tako, ambao katika nchi za joto husababishwa zaidi na stafilokokasi. Juu ya ngozi huoni jipu. Unaona homa, maumivu ya ndani, na msuli mgumu kama ubao, mara nyingi kwa mtoto au kijana aliyekuwa mzima wiki iliyopita. Kuna imani kwamba tambazi ikichomwa sindano mtu hufa, kwa hiyo mgonjwa hufichwa, anachuliwa na kupakwa dawa hadi usaha unaingia kwenye damu. Ndipo analetwa, anachomwa sindano, anafariki, na imani inapata shahidi mwingine. Akiletwa mapema, hupigwa utrasaundi, usaha hutolewa, dawa hupitishwa kwenye mshipa, na wengi hutembea kwenda kwao.

Kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili hakuna jipu dogo. Vipele vya usaha, kitovu chekundu au kinachotoa usaha na harufu, ngozi inayochubuka kama aliyemwagiwa maji ya moto, kukataa kunyonya: ondoka sasa hivi, usingoje kuche. Kitovu kiachwe kikavu na wazi, bila samli, mate wala kinyesi cha ng'ombe. Kama kliniki wamekupa jeli ya klorheksidini, ni ya kitovu pekee. Ikipakwa machoni kwa kudhaniwa dawa ya macho hujeruhi vibaya.

Mama mwenye titi lililovimba, lenye moto na homa, asiache kunyonyesha. Maziwa yakiganda ndani ndiyo yanayolisha tatizo. Amnyonyeshe, akamue yanayobaki, na aende hospitali siku hiyohiyo. Likishafanya jipu, usaha utahitaji kutolewa, na hata hapo titi la upande wa pili huendelea na kazi. La upande huu muuguzi atamwambia, kulingana na jeraha lilipo.

Na jikoni kwenye shughuli

Bakteria huyu ana njia moja ambayo haihitaji kidonda kwako. Inahitaji kidonda kwa mpishi. Akiingia kwenye chakula na chakula kikakaa vuguvugu, huzaliana na kuacha sumu. Sumu hiyo haifi kwa kupashwa moto. Pilau lililopikwa alfajiri, nyama ikachambuliwa kwa mikono, sufuria likafunikwa hadi saa nane mchana, unaweza kulichemsha upya hadi liungue na bado likawaangusha wageni. Kutapika huanza ndani ya nusu saa hadi saa nane, kwa kasi, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Antibayotiki hazisaidii hapo, kwa kuwa kinachokuumiza ni sumu iliyokwisha tengenezwa. Kunywa maji ya chumvichumvi ya pakiti, moja kwa lita moja ya maji safi, kidogokidogo. Mtoto, mzee au mjamzito asiyeweza kubakiza maji tumboni apelekwe hospitali.

Chakula kikae juu ya moto kikiwa cha moto kweli, au kiliwe ndani ya saa mbili. Kwenye joto kali la mchana, ndani ya saa moja. Wapishi wanawe kila watokapo chooni na kila wapangusapo pua. Na yule shangazi hodari wa biriani aliyefunga kidole chake kwa kitambaa, tangu lini hasemi, msimpe glovu mkadhani mmemaliza. Mketisheni mlangoni apokee wageni na bahasha za zawadi, hadi kidole kipone.